Agiza Dal Kwanza

Ukitaka kujua kama mgahawa wa Kihindi, wa Kipakistani au wa Kibangladeshi ulioko mtaani kwako una mpishi wa kweli, usianze na biriani. Usianze na kuku wa tandoor pia, yule wa kuokwa kwenye tanuri la udongo. Agiza dal, ule mchuzi wa adesi au mbaazi, na wali mweupe. Sahani hiyo haina pa kujifichia: hakuna krimu ya kufunika makosa, hakuna rangi nyekundu ya kuvuta macho, hakuna nyama ambayo mafuta yake peke yake yangetosha kukuridhisha. Dal ikija tamu, nitakaa. Ikija maji maji, isiyo na harufu, nitakula kwa adabu, nitalipa, na safari nyingine nitatafuta kwingine.

Nimekula sana katika migahawa ya namna hii, ile midogo yenye menyu iliyofunikwa plastiki na mwenye duka anayekaa karibu na mlango akihesabu risiti. Kadiri ninavyokula, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba chakula bora humo ni kile ambacho wenye mgahawa wanakula nyumbani kwao, na kwamba mara nyingi hicho ndicho wasichotuuzia. Hawatunyimi kwa ubaya. Wanadhani hatukitaki, na sisi wateja tumewapa kila sababu ya kudhani hivyo.

Tuanze na hiyo dal. Jina ni moja, vyakula ni vingi. Sehemu kubwa ya India hupika mbaazi zilizokobolewa mpaka zikalainika. Bengal wanapenda adesi nyekundu. Punjab huchukua punje nyeusi za urad, nzima nzima, wakaziacha juu ya moto mdogo kwa saa nyingi hadi zifanye uzito zenyewe. Sri Lanka huitia tui la nazi na kuiita parippu. Tamil Nadu huichanganya na ukwaju na mboga ikawa sambar. Nepal, dal na wali ndio mlo wenyewe, na nyumba nyingi huupika asubuhi na kuurudia jioni bila mtu kulalamika.

Kinachoipa uhai ni tarka. Samli hupashwa moto hadi iwe tayari kuunguza, au mafuta ya haradali kwa watu wa Bengal, kisha hutupwa humo bizari nyembamba. Zinapasuka. Kinafuata kitunguu saumu, pilipili kavu, pengine chembe ya mvuje, na vyote humwagwa juu ya dal vikiwa bado vinalia. Sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, ndiyo maana bizari iliyotupwa tu kwenye sufuria inayotokota haikupi hata nusu ya kile inachokitoa ndani ya samli. Na kazi yote ni ya sekunde chache. Kitunguu saumu kikichelewa kutolewa kinakuwa kichungu. Kikiwahishwa kinabaki kibichi. Mpishi aliyechoka hufanya tarka moja asubuhi na kuipasha siku nzima. Mpishi anayekujali hufanya ya sahani yako, na ukikaa karibu na jiko utausikia mlio wake kabla mhudumu hajatokeza.

Sasa kwa nini menyu za migahawa hii zinafanana hivyo, uwe mji huu au ule? Ukizifungua utakuta majina ya michuzi yaleyale: korma, madras, vindaloo, tikka masala, butter chicken, karibu kwa mpangilio uleule. Sababu ni za kihistoria, na mimi nadhani inafaa kuzijua kabla ya kuwalaumu wapishi.

London iliwahi kuwa na mgahawa wa Kihindi mapema sana. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua Hindoostanee Coffee House, akiwalenga Waingereza waliokuwa wamerudi kutoka India na bado wanatamani ladha za huko. Mwaka 1812 alikuwa amefilisika. Zaidi ya karne moja baadaye, walioifanya biashara hiyo ikasimama Uingereza walikuwa hasa watu wa Sylhet, eneo ambalo sasa ni la Bangladesh, wengi wa mwanzo wakiwa wamefika kama mabaharia. Hawakuwauzia wateja wao samaki na wali wa kwao. Waliwauzia kile ambacho Waingereza walikuwa tayari wanakijua kwa jina, na wakabuni njia ya kukipika haraka: sufuria kubwa la mchuzi wa msingi, vitunguu vilivyochemshwa na kusagwa, kisha oda ikija huongezwa pilipili ikawa madras, au krimu na nazi ikawa korma.

Delhi nako kuna habari yake. Baada ya India na Pakistan kugawanywa mwaka 1947, wakimbizi kutoka Peshawar, mji ulioangukia Pakistan, walifungua mgahawa wa Moti Mahal katika mtaa wa Daryaganj, na hapo ndipo tandoor ilipoingia katika maisha ya mgahawa wa mjini, pamoja na butter chicken na dal makhani, ile dal nyeusi ya urad yenye siagi. Vyakula hivyo vimekuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 2024 familia za waanzilishi wa mgahawa huo, Kundan Lal Gujral na Kundan Lal Jaggi, zilikuwa mahakamani Delhi zikigombea nani ana haki ya kudai ubunifu wake.

Siyadharau mambo haya. Watu waliopoteza nyumba, au waliovuka bahari wakiwa na mikono mitupu, waliunda chakula ambacho dunia nzima imekipenda. Hilo ni jambo kubwa. Ninachosikitikia ni kwamba menyu iliyozaliwa kwa sababu ya dhiki imegeuka ukuta. Nyuma yake kuna bahari ya vyakula ambavyo mteja wa kawaida hajawahi hata kuvisikia.

Nililiona hili waziwazi mchana mmoja, wateja wakiwa wamepungua, katika mgahawa wa familia ya Kibangladeshi. Mpishi alitoka jikoni akakaa meza ya nyuma kula. Juu ya menyu yao hakuna chochote kati ya vilivyokuwa kwenye sahani yake: wali, dal nyepesi ya adesi, kipande cha samaki wa kukaanga, na bhorta, yaani viazi vilivyopondwa kwa mkono pamoja na mafuta ya haradali, kitunguu kibichi na pilipili. Nikamuuliza kama naweza kununua sahani kama ile. Akashangaa. "Hiki si cha kuuza, ndugu yangu. Hiki ni chakula cha nyumbani tu." Alinipakulia hata hivyo, akakataa katakata kunitoza. Ule ukali wa haradali unaopanda puani, ulaini wa viazi, dal ikilowesha wali. Sijala kitu kizuri kuliko hicho katika mgahawa ule, na nimekula karibu kila kilichoandikwa kwenye menyu yao.

Lile neno lake "tu" ndilo linaloniuma. Tangu siku hiyo, nikishazoeana kidogo na wenyeji, huwa nauliza leo jikoni wenyewe wanakula nini. Wapo wanaonitazama kwa mashaka. Wengi huangaza uso.

Kuna pia suala la bei, na hapa nitasema bila kuzunguka. Watu haohao wanaolipa bila manung'uniko kwa sahani ya tambi za Kiitaliano, ambazo ni unga, mayai na nyanya, hukunja uso dal ikipanda bei kidogo. Krishnendu Ray, msomi wa mambo ya chakula katika New York University, ameeleza vizuri jinsi jambo hili linavyokwenda: chakula cha wahamiaji maskini huonekana kinapaswa kuwa cha bei ya chini, na heshima yake hupanda kadiri jamii yenyewe inavyopanda. Chakula cha Kiitaliano nacho kilipita njia hiyo Marekani. Kwa hiyo tunapodai chakula cha Asia Kusini kiwe rahisi siku zote, tunachopima ni hadhi ya watu waliokipika, ladha haimo katika hesabu hiyo. Mwenye mgahawa anayebanwa hivyo hana namna ila kurudi kwenye lile sufuria la mchuzi mmoja.

Chukua mfano wa nihari. Ni miundi ya ng'ombe au ya mbuzi inayopikwa taratibu usiku kucha hadi uboho utoke kwenye mifupa na nyama iachie yenyewe, mchuzi ukizidishwa uzito kwa unga kidogo, halafu juu unawekwa tangawizi iliyokatwa nyuzi nyuzi, pilipili mbichi na maji ya limau. Karim's, karibu na msikiti wa Jama Masjid wa Delhi ya zamani, wanapika vyakula vya aina hii tangu mwaka 1913, na wapishi waliohamia Karachi baada ya 1947 waliipeleka nihari huko ikawa chakula cha mji mzima. Au haleem: ngano, dengu na nyama, vikipikwa na kupondwa mpaka huwezi kutenganisha kimoja na kingine. Haleem ya Hyderabad jina lake lilipewa ulinzi wa kisheria mwaka 2010. Hivi ni vyakula vya mtu kukesha. Mgahawa wa mtaani unaothubutu kuvipika, hata kama ni mwisho wa wiki pekee, unastahili kulipwa kwa ule usiku.

Kwa upande mwingine wa mizani kuna khichdi, mchele na choroko zilizokobolewa vikipikwa pamoja mpaka vishikane, na samli juu. Ndicho chakula cha mtoto anayeanza kula na cha mtu anayeinuka kutoka homa. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikikuta India katika karne hiyohiyo na kuandika kwamba watu wanakila kila asubuhi pamoja na samli. Karibu miaka mia saba, na bado kinapikwa vilevile. Bengal hukipika kizito na chenye viungo zaidi mvua inaponyesha, na pembeni samaki wa hilsa wa kukaanga. Ni nadra sana kukiona kwenye menyu ya mgahawa. Naomba kionekane. Mtu akitoka kazini amechoka, hakuna chakula kinachomfaa zaidi ya hicho, na hakimgharimu mpishi chochote ila dakika zake.

Ninaposema chakula cha jadi, simaanishi kitu kilichogandishwa. Pilipili zenyewe, nyanya, viazi, hata yale maharage mekundu ya rajma ambayo familia za Delhi na Punjab hula na wali kwa furaha ya kitoto, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilifika India baada ya Wareno kutia nanga mwaka 1498. Kabla ya hapo ukali wa chakula ulitoka kwenye pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi. Kwa hiyo sina ugomvi na mpishi anayebuni. Ugomvi wangu ni na uvivu unaojiita desturi.

Mkate pia. Watu huagiza naan wakidhani ndio mkate wa kila nyumba ya Kihindi, na nyumba nyingi hazina tandoor, chombo kinachofika zaidi ya nyuzi 400 za joto. Nyumbani ni roti, unga wa ngano usiokobolewa na maji, ikaokwa kwenye kikaango kikavu na kuvimba juu ya moto. Kwa dal, roti inazidi naan kwa mbali. Na ule kwa mkono wa kulia, hata wakikuwekea uma. Wali na dal huchanganywa kwa ncha za vidole, na vidole vinajua joto na kiasi kabla ya ulimi.

Ukimpeleka mtu ambaye hajawahi kula vyakula hivi, mwagizie mezani dal, mboga moja ya kukaanga kama bamia au biringanya, roti, wali, na achari kidogo pembeni. Nyama mwachie achague mwenyewe. Pilipili ikimzidi, maji hayatamsaidia, maana kile kinachochoma hakiyeyuki katika maji. Mtindi ndio unaokituliza. Watamil humaliza mlo kwa wali uliochanganywa na mtindi, ukatiwa tarka ya haradali na majani ya kari, ukaliwa bila kupashwa. Kama haumo kwenye menyu, uliza tu. Vitu vyote vya kuutengenezea viko jikoni tayari, na kuna uwezekano mkubwa mpishi atautengeneza kwa namna mama yake alivyokuwa akiutengeneza.