Herufi Saba Tu!

Jamani, mimi nimepaka chokaa nyumba nzima peke yangu. Nimekimbizana na beberu mtaa mzima asubuhi ya Idi. Pancha nimeziba gizani, natafuta tundu kwa mate. Lakini kubandika stika kwenye baiskeli, hiyo naomba niisimulie nimekaa.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh ya marehemu baba. Aliinunua kwa hela ya mkonge, enzi hizo hapa Tanga mwenye Raleigh akipita barazani watu wanakunja miguu kumpisha. Tairi namba 28, breki za vyuma, si hizi za waya. Kengele yake ukiigusa hata leo, kuku wa mtaa wa pili wanaitika. Ila jua na chumvi ya bahari havina adabu kwa mkubwa wala mdogo. Jina lilikuwa limebaki LEI upande mmoja, na upande wa pili H peke yake, imekaa kama mjane. Nikanunua msasa, nikaisugua siku mbili, nikaipaka rangi nyeusi tii. Ikang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride.

Kumbe nimejitafutia balaa. Baiskeli isiyo na jina ni kama mtu asiyejulikana kwao. Nilikatiza Ngamiani, Barabara ya Nane, kijana wa bodaboda akanipungia mkono: "Mzee, hiyo ya Mchina umeipata bei gani?" Ya Mchina! Nikamsomea baba Fatiha palepale, nikiomba asiwe amesikia.

Nikampigia mpwa wangu aliyeko Uingereza. Alipokuja likizo akaniletea bahasha. Nikamuuliza bei, akasema, "Mjomba, we chukua tu." Nikaelewa. Ni yeye aliyenieleza kwamba jina hilo baba alilokuwa akilitamka kwa heshima zote ni jina la mtaa. Kiwanda kilianzia Raleigh Street, mjini Nottingham, miaka ya 1880, basi, wakabandika jina la mtaa wao, dunia nzima ikainama. Mtaa! Sisi tukifungua kiwanda hapa nani atanunua baiskeli iitwayo Barabara ya Nane?

Ndani ya bahasha mlikuwa na jina mara mbili, moja kwa kila upande, na kastika kadogo kenye kichwa cha korongo, yule ndege wao wa nembo. Seti moja. Ukiharibu umeharibu. Na karatasi ya maelekezo ya Kizungu, ambayo mpwa alinitafsiria kabla hajaondoka, nami nikaitika "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayeelewa.

Karatasi inasema rangi iwe imekauka kabisa, ikae wiki kadhaa. Mimi mkono wa mwisho wa rangi niliupaka siku nne tu kabla. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, nikaona inatosha. Inasema futa fremu kwa spiriti. Nikachukua chupa kabatini, nikafuta mpaka kwenye madigadi, na huku nasikia sauti kutoka ndani: "Baba Mwajuma, spiriti yangu ya vidonda iko wapi?" Nikanyamaza. Inasema usibandike juani, na usibandike penye upepo. Sasa nyumba yangu ina sehemu mbili tu, yenye jua na yenye upepo. Nikachagua upepo.

Halafu ndipo ninapowalaumu Wazungu. Unatakiwa kulowesha fremu kwa maji yenye matone mawili ya sabuni, ili stika iteleze kidogo, uisogeze mpaka ikae sawa. Matone mawili! Mtu mzima unahesabu matone? Nikatia sabuni kama ya kufulia mashuka. Stika ikawa kambale. Naiweka juu ya bomba, inazunguka inakwenda chini. Naifuata chini, imeshatokea upande wa pili. Nimeshika jina la baiskeli kwa mikono miwili na bado linanikimbia.

Kufikia hapo jirani yangu, mstaafu wa reli, alikuwa ameshaleta kigoda. Huyu bwana hajawahi kushika spana, lakini ushauri anao wa kugawa kata nzima. Akaanzisha mjadala: R ianzie wapi? Yeye anataka pande zote ianzie kwenye usukani, "maana jina linatangulia mbele." Nikamweleza taratibu: shehe, upande wa kushoto R inaanzia kwenye usukani, upande wa kulia inaanzia kwenye pedeli. Ukilazimisha zote zianzie mbele, moja itasomwa na mtu aliyesimama kwa kichwa. Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Nikashinda. Mpaka leo sijui nilijisifia nini.

Maji ya sabuni yanasukumwa nje kwa kitu kigumu, kutoka katikati kwenda pembeni. Nikatumia kadi ya benki, nayo ikafurahi, ilikuwa haijapata kazi tangu mwaka uanze. Viputo viwili vikagoma chini ya G, nikavitoboa kwa sindano ya cherehani. Kisha ile nailoni ya juu unaibandua polepole, unaikunja irudi nyuma, huku umebana pumzi. E ikanyanyuka nayo. Nikairudisha, nikaikandamiza kwa gumba, nikaibembeleza kama mtoto mwenye homa. Ikakubali.

Nikamaliza pande zote mbili, na korongo wangu nikambandika kwenye bomba la kiti. Nikarudi nyuma hatua tatu. RALEIGH! Imenyooka, imekolea, inasomeka kutoka barabarani. Mstaafu wa reli akakosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikamwita mke wangu na mjukuu, nikasema sasa tazameni, nikaishika baiskeli nikaisimamisha.

Maana ilikuwa imepinduliwa, jamani. Si ndivyo mafundi wote wanavyofanya? Kiti na usukani chini, tairi juu, ndipo kazi iende. Nami tangu asubuhi nimeitazama hivyohivyo.

Mjukuu yuko darasa la pili, kusoma ndiyo amejua juzi. Akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega. "Babu, mbona imeandikwa miguu juu?"

Korongo naye yuko kichwa chini, kama anachungulia pancha.

Nilijaribu kubandua ncha ya H. Ikaja na rangi, maana rangi yenyewe ilikuwa ya siku nne. Nikaiacha. Mke wangu hakucheka, alikwenda kucheka jikoni.

Siku hizi wageni wakija naisikia hodi mapema. Naipindua baiskeli haraka, nashika spana, nachuchumaa. Wanaingia, wanasoma jina vizuri kabisa, wanasifu. Juzi mmoja akaniuliza mbona kila akija nimepata pancha.

"Misumari, bwana," nikamwambia. "Mtaa huu una misumari."