Mpiga Dramu Asiyeomba Nauli

Leo asubuhi nimefungua ile flashi ya nyimbo za kwaya. Nyimbo 14, kazi ya miezi saba, besi imerudiwa mpaka mwenye besi akahama mtaa. Nachomeka kwenye laptopu yangu mpya (mpya kwangu, huko ilikotoka sijui ilipitia nini), naona nini? Mafolda. Wimbo wa Pasaka ni folda. Ndani yake folda. Ndani ya hiyo, folda tena, na kwenye ya mwisho kabisa namkuta mama mmoja wa alto, peke yake, anakohoa kabla ya kuanza.

Chanzo cha yote ni Mjerumani. Alikuja Arusha kujitolea, akapanga chumba jirani yetu hapa Kijenge, akawa na Mac, kompyuta ya Apple. Ndani ya Mac kuna GarageBand, programu ya kurekodi muziki tuliyorekodia nyimbo zile, na hailipiwi. Ndani ya GarageBand kuna Kyle.

Kyle ni mpiga dramu. Si mtu, ni wa humo humo kwenye programu. Kuna kidoti unakivuta: kishushe anapiga kwa upole, kipandishe anapiga kama anayedaiwa kodi. Miaka yote miwili niliyofanya naye kazi Kyle hakuwahi kuchelewa mazoezi, hakuomba nauli, na hakuniambia fimbo zake zimebaki kwa shemeji. Mkataba wa Mjerumani ukaisha, akaondoka na Mac yake na Kyle humo ndani. Sina kinyongo, mali ni yake. Lakini mwenzangu, kumwonjesha mtu asali halafu unapanda ndege na mzinga!

Nikanunua hii ya Windows kwa sababu hela yangu ilikuwa ya Windows. Nilijua programu ni kama gita, ukihama nyumba unahama nalo. Kumbe hilo gita limejengewa ukutani. GarageBand imetoka 2004 na mpaka leo haijatia mguu Windows. iPhone na iPad wamepewa, sisi hapana. Kaka yake mkubwa, Logic, nayo programu ya muziki, zamani alikuwa anaingia Windows vizuri tu. Alikuwa wa kampuni ya Emagic, ya Wajerumani wenzake na jirani yangu. Julai 2002 Apple wakainunua kampuni, na mwaka huo huo wa Windows wakafungiwa mlango. Kwa hiyo wenzangu walishalia, wakaanua matanga, wakaendelea na maisha. Mimi nimefika msibani na mkeka wangu wakati watu wana wajukuu.

Mpwa wangu kaniambia, "Mjomba, si ununue Mac tu?" Nimemwacha aendelee kula ugali wangu kwa amani. Mchungaji kasema tuliweke kwenye maombi. Mama watoto kasema nirekodi kwa simu.

Nikaenda kwa fundi, kule karibu na Stendi Ndogo, kwenye kile kikorido kati ya mshona viatu na mama ntilie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, nataka GarageBand iingie humu."

Hakushtuka. Fundi asiyeshtuka ni wa kumkimbia, mimi nikavuta kiti.

"Elfu thelathini mzee wangu. Nusu saa."

"Mbona wanasema Windows haikubali?"

"Wanasema akina nani?"

Nikakosa jibu. Kweli, akina nani?

Kwanza akasema Windows yangu imechoka, inabidi apige nyingine. Akapiga. Ilipofika asilimia 60 akatoka kununua chipsi. Umeme ukakatika, na betri yangu ni pambo tu, kwa hiyo tukaanza upya. Akaja dada na simu iliyoingia kwenye ndoo ya maji ya kunawa, nikawekwa pembeni kama mgonjwa asiye na kadi. Saa kumi jioni akanigeuzia kioo. Jamani! Sura ya Mac kabisa: picha ya milima, tufaha kwenye kona, chini vikoni vimejipanga mstari vinarukaruka, na katikati yao ikoni ya gita. Machozi yalinilenga.

"Kyle yumo?"

"Wote wamo mzee."

Nyumbani nikabofya gita. Ikafunguka programu nyingine kabisa, ya majaribio, haijui gita wala GarageBand. Nikasema basi, anayezama hachagui mtumbwi. Nikapanga wimbo mmoja mpaka saa sita usiku, nikahifadhi, nikalala kwa raha. Asubuhi nafungua, inagoma: mpaka ulipie. Yaani kuhifadhi ruksa, kufungua marufuku! Hata kikoba cha mtaani kwetu hakijafikia hapo. Kule mhazini angalau anajisumbua kuzima simu.

Nikarudi.

"Mzee, kwani ulitaka ifanye kazi, au ulitaka na kukumbuka?"

Hapo ukatibu wa kwaya ukanitoka, na uzee wa kanisa ukafuata. Nilisema! Nina miaka 52, sijaomba ndege, sijaomba kiwanja Njiro, nataka kitu kipige tu-tu-pa, tu-tu-pa, halafu alto waingie, basi! Ni kosa? Mshona viatu akaanza kugonga nyundo: tu-tu-pa. Mama ntilie akaitikia kwa mwiko. Na walikuwa wanapiga vizuri, ndiyo kilichoniuma zaidi. Fundi akanirudishia elfu kumi, akasema ile ishirini ni ya milima.

Sasa sauti za watu nimezikuta zote kwenye yale mafolda, nazitoa mojamoja. Dramu hazimo. Kumbe Kyle hakuwa amerekodiwa popote, yalikuwa ni maelekezo tu ambayo Mac ndiyo inajua kuyasoma.

Nimempigia mpiga dramu wetu wa damu na nyama, anakaa Tengeru. Neno la kwanza: nauli. Nimetuma. La pili: fimbo ziko kwa shemeji. Nikamwambia basi, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya soko huko, apitie aniletee mkungu wa ndizi mshare, maana hizi za hapa mjini wanaziuza kwa kidole kama dawa, na mama watoto ana wiki ya pili ananiahidi mtori. Kaniuliza mkungu utalipiwa nauli yake au utakaa kwenye yake.