Kompyuta yangu, umeme wangu, halafu napangishwa

Jamani mi nakosea wapi? Fremu napanga, chumba napanga, king'amuzi kila mwezi, bando kila wiki, umeme ndo huo wa kununua, nikasema basi angalau kompyuta ni yangu, nimeinunua Kariakoo keshi nikaipakata kwenye daladala mpaka Tandika. Kumbe boksi ndo langu, programu zilizomo ndani nazilipia kila mwezi, mi ni mpangaji tu.

Juzi mteja yuko kwenye kiti, picha za pasipoti, kitambaa cha bluu nyuma, nimemvalisha lile koti la studio (mnalijua, koti moja linavaliwa na mtaa mzima, kifungo cha kati kilishaondoka zamani), nimeshapiga, nafungua programu ya kusafishia picha, inaniambia malipo yameshindikana. Kadi yenyewe ile ya kwenye simu, nimeweka hela ileile ya mwezi uliopita, kumbe dola imepanda, imepelea shilingi mia nane. Mia nane! Mama chapati hapo nje ananikopesha mpaka ijumaa na hanidai hata jina kamili, ila hii imefunga mlango na kazi za watu zimo ndani.

Bora hata bodaboda ya mkataba, dogo anapeleka hela kila siku, anaumia, ila mkataba ukiisha anakabidhiwa kadi ya pikipiki, chombo chake. Mimi mwaka wa nne huu napeleka hesabu tu, na nikiacha leo sibaki hata na sailensa.

Usiku nikakaa na kikokotoo, mama watoto ananitazama. Chukua Word na Excel: ya kupanga ni Microsoft 365 ya mtu mmoja, kwa bei ya Marekani, ilikuwa dola 69.99 kwa mwaka, Januari 2025 ikapanda ikawa 99.99, wakakuwekea na Copilot, msaidizi wa akili bandia, humo humo, sasa mi nachapa barua za kuomba kazi ya ulinzi kwa vidole viwili, Copilot wa nini? Ile ya kununua mara moja, Office 2024 ya nyumbani, ilitoka na bei ya dola 149.99. Yani ukipanga mwaka mmoja na nusu ushamaliza bei hiyo ya kununua, miaka mitano inagonga dola 500, na siku kadi ikikauka huandiki hata mstari. Sawa, ya kununua unaweka kompyuta moja tu, toleo jipya likija halikuhusu, na marekebisho yanaishia Oktoba 2029, ila mkataba wa pango wa 2030 si utachapwa kwa A hii hii?

Mama watoto akasema si ununue basi, yaishe. Ninunue na nini? Hapo ndo wanapotukamatia, ni mafuta ya kupima kwa Mangi, kila mtu anajua dumu lina nafuu, haya hela ya dumu iko wapi.

Basi yule mteja kakaa robo saa na koti lake, jasho linamtiririka, mi nahangaika kuomba mia nane kwa mama chapati. Akaniangalia, akajishika kola, akaniuliza taratibu, "Sasa fundi, na hili koti nalo unalilipia kwa mwezi?"