Saa kumi na mbili na nusu bado mapema

Habari inasema filamu ya kutisha ya Krismasi kutoka Ufini itaonyeshwa ufukweni Malindi kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo Desemba ndiyo kwanza jua linazama! Projekta haitoi rangi nyeusi. Weusi wa picha ni giza la kitambaa cha skrini chenyewe, na mwanga ukibaki, matukio ya usiku yatakuwa kijivu kitupu. Waandaaji, anzeni saa moja na nusu, taa za jirani zizimwe.

Kaskazi nayo, upepo wa msimu utokao kaskazini mashariki, msiidharau. Kitambaa cha mita 4 ni tanga tosha. Kiwekeni nyuma ya ukuta unaokinga upepo, mkifunge kwa kamba za mpira kila nusu mita, maana kamba isiyovutika huchana matundu ya kufungia. Ukingo wa chini uwe mita 1.2 juu ya mchanga, la sivyo vichwa vitaziba maandishi ya tafsiri chini ya picha, na Kifini nani anakijua?

Bangoni wekeni daraja la umri la Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya. Baba Krismasi mwenye pembe za mbuzi si wa mtoto wa chekechea.

Jenereta ikae kusini magharibi mwa watazamaji, upepo upeleke moshi na kelele mbali nao.