Mukuba, zirkonia na sumaku: je, ganda la soli-jeli linastahili jasho la Lubumbashi?

Kila superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana, inapotajwa hapa Lubumbashi, mazungumzo huanzia kwenye mukuba, yaani shaba. Shaba tunayo, kila siku kathodi (mabamba ya shaba safi) zinapita kwenye malori kuelekea mpakani Kasumbalesa, basi kwa nini tusitengeneze wenyewe nyaya za sumaku kubwa, zile za hospitalini na za mashine za CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe hauko pale watu wanapoutafuta.

Tupige hesabu. Superkondakta iitwayo YBCO ina shaba katika fomula yake, YBa2Cu3O7, na kwa uzito shaba ni karibu asilimia 29. Chukua utepe wa upana wa milimita 4, wenye tabaka la YBCO la mikromita 1, urefu kilomita nzima. YBCO yote iliyomo ni gramu 25 hivi, na shaba ndani yake ni gramu 7, haijazi kijiko cha chai. Lakini shaba inayowekwa nje ya utepe huohuo kama ngao, mikromita 20 kila upande, ni kilo 1.4. Hiyo ndiyo shaba yenye kazi. Superkondakta ikipata joto kidogo na kupoteza hali yake ghafla, jambo ambalo mafundi wa sumaku hulitaja kama kwenchi, mkondo wa umeme hukimbilia kwenye shaba. Shaba ikikosekana mahali pamoja tu, hasara yake haina kifani. Septemba 19, 2008, siku tisa baada ya LHC, mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha chembe, kuzungusha miale yake ya kwanza, kiungo kimoja kibovu kati ya sumaku mbili kiliwaka, cheche ikatoboa chombo cha heli ya kupoozea, na tani kadhaa za heli zikamwagika handakini.

Kwa hiyo suala letu si fomula ya superkondakta. Ni shaba iliyo kando yake, na kile kinachokaa juu ya shaba hiyo, yaani kihami, kitu kinachozuia umeme usipite. Hapo ndipo inapoingia soli-jeli, njia ya kupaka waya mchanganyiko unaoganda kuwa jeli na kuuchoma hadi uwe oksidi ngumu, na hapo ndipo tunaona mabishano ya kweli.

Sumaku ni waya uliozungushwa mamia au maelfu ya mara, na kila mzunguko sharti utengwe na jirani yake. Kwenye mota fundi anatumia waya wenye vanishi, kazi imekwisha. Kwa Nb3Sn, ile superkondakta ya niobi na bati inayotumika sumaku inapotakiwa kupita tesla 10 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), vanishi haifai kitu. Nb3Sn ikishaundwa huvunjika kama kioo, kwa hiyo koili huzungushwa kwanza, wakati niobi na bati bado hazijaungana ndani ya waya, kisha koili nzima inaingia tanurini siku kadhaa, kwa hatua, hadi nyuzijoto 650 au zaidi. Vanishi inakuwa makaa siku ya kwanza. Dawa iliyozoeleka ni soksi ya nyuzi za kioo inayofumwa juu ya waya, na baada ya kuchomwa koili hujazwa resini. Njia hii imethibitika; hata koili kubwa za ITER, mtambo wa majaribio wa fyusheni kule Ufaransa, zinategemea kioo na resini.

Ubaya wa soksi ni nafasi inayokula. Waya wa milimita 0.8 ukivishwa soksi ya milimita 0.1 unakuwa wa milimita 1.0, na katika mraba ambao kila mzunguko unaukalia, waya wenyewe unabaki na asilimia 64 ya nafasi ambayo ungeipata bila soksi. Badala yake weka ganda la oksidi la mikromita 10: asilimia 95. Koili ya ukubwa uleule inapokea karibu nusu zaidi ya mizunguko. Ongeza kwamba oksidi haiharibiwi na mnururisho kama resini inavyoharibika, na kwamba ganda jembamba linapitisha joto kwa jirani upesi. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kwa superkondakta za joto la juu, zile kama YBCO zisizodai baridi kali mno, kwa sababu humo kwenchi hutambaa milimita au sentimita chache tu kwa sekunde, na doa moja linaweza kuungua kabla ya koili nyingine kuhisi chochote. Ndiyo maana maabara ya taifa ya sumaku kali ya Marekani, kule Tallahassee, Florida, ilijaribu zirkonia (oksidi ya zirkoni) ya soli-jeli juu ya nyaya za Bi-2212, superkondakta ya bismuthi, zenye ala ya fedha, na baadaye oksidi ya titani.

Mpaka hapo soli-jeli imeshinda. Sasa tuingie jikoni, maana jikoni ndipo inapoanza kushindwa.

Mililita 100 za mchanganyiko wa moli 0.5 kwa lita zinahitaji gramu 24 za butoksidi ya zirkoni, ile inayouzwa kwa asilimia 80 ndani ya butanoli. Chupa ifunguliwe mahali pakavu, imiminwe katika isopropanoli, kisha iongezwe asetilasetoni mililita 5. Mchanganyiko unapata joto na kugeuka manjano: hiyo ni dalili njema kwamba asetilasetoni imeshika zirkoni na kuzuia isigande kwa fujo. Zirkonia tupu haifai, kwa sababu inapopoa hubadili umbo la fuwele na kuvimba asilimia 4 hadi 5, na ganda linapasuka. Kwa hiyo huongezwa itriamu, kwa mfano gramu 3.3 za nitrati yake. Hapa wengi hukosea. Nitrati hiyo hubeba molekuli sita za maji kwa kila atomu ya itriamu, na maji hayo lazima yahesabiwe. Ukilenga moli mbili za maji kwa kila moli ya zirkoni, nusu imeshaingia na fuwele. Kilichobaki ni mililita 0.9 tu, zichanganywe na isopropanoli, zidondoshwe tone baada ya tone huku ukikoroga. Anayemimina mililita 1.8 kama kitabu kinavyosema bila kutazama lebo ya chupa ataona maziwa meupe mahali pa maji angavu, na maziwa hayo hayarudi nyuma.

Waya husafishwa mafuta kwa asetoni, huondolewa kutu yake kwa asidi hafifu ya limau, huoshwa, hukaushwa, na baada ya hapo haushikwi kwa vidole. Kisha unazamishwa katika mchanganyiko na kuvutwa kwenda juu. Kwa waya mwembamba unene wa mchanganyiko unaobaki ni takriban 1.34 mara nusu kipenyo mara kipeo cha theluthi mbili ya kile kipimo kinacholinganisha mnato na mwendo dhidi ya mvutano wa uso. Maana yake kwa vitendo: waya wa milimita 0.8, mnato wa milipaskali-sekunde 3, mwendo wa sentimita 10 kwa dakika, unapata mikromita 2 za mchanganyiko, na ukikauka na kuchomwa zinabaki nanomita 30 tu. Hazitoshi kitu. Ukivuta mita 3 kwa dakika unapata karibu mikromita 0.3 za oksidi. Huwezi kukazana zaidi ya hapo sana, kwa sababu tabaka moja likizidi mikromita 0.5 hadi 1 linapasuka likikauka: linasinyaa, chini limeshikwa na chuma, halina pa kwenda.

Basi hata mikromita 5, nusu ya zile 10 za hapo juu, zinadai mapito 17. Kilomita moja kwa mita 3 kwa dakika ni saa tano na nusu kwa pito, na jumla ni siku nne za mashine kutembea bila kusimama. Sekunde 30 ndani ya joto zinataka tanuri la mita moja na nusu. Na hapa Lubumbashi delestaji, yaani kukatwa kwa umeme, ikipiga katikati, waya unasimama ndani ya tanuri, kipande hicho kinachomwa kupita kiasi, nacho ndicho kitakachoamua ubora wa kilomita nzima. Anayefuma soksi ya kioo anapita mara moja tu. Hoja hii haina jibu la mkato, na wanaoipenda soli-jeli waikubali waziwazi.

Lakini kikwazo kikubwa zaidi kiko kwenye shaba yenyewe. Jeli mbichi imejaa kaboni. Kuiondoa kunahitaji oksijeni na nyuzijoto 500 hivi. Kwa Bi-2212 hakuna shida, kwa sababu ala yake ni fedha na koili huchomwa ndani ya oksijeni hadi karibu nyuzijoto 890. Kwa shaba hali ni nyingine: ndani ya hewa kwa joto hilo inavaa oksidi nyeusi inayobanduka kama magamba, na ganda letu linabanduka nayo. Ukichoma ndani ya argoni kavu, gesi isiyoungana na kitu, shaba inabaki safi, ila kaboni inabaki pia, zirkonia inakuwa nyeusi na kihami kinavuja umeme. Isitoshe, waya wa Nb3Sn wenye bati ndani yake hauwezi kupashwa ghafla: bati linayeyuka kwa nyuzijoto 232, na usipolipa muda wa kuingia katika shaba inayolizunguka kwa hatua za nyuzijoto 210 na 400, linaweza kupenya hadi nje. Sekunde 30 za nyuzijoto 500 mara 17 ni kucheza na moto.

Na ganda lililokwisha kuchomwa halipendi kukunjwa. Waya wa milimita 0.8 ukizungushwa kwenye pipa la milimita 50, upande wa nje unanyooka asilimia 1.6, wakati oksidi nyembamba kwa kawaida huanza kupasuka kabla ya asilimia 1.

Mambo haya yote yanasukuma upande mmoja: ganda likaushwe tu, nyuzijoto 150 hadi 200, likiwa bado na ulaini wa kikaboni, koili izungushwe, oksidi iundwe baadaye pamoja na Nb3Sn katika tanuri moja. Kaboni iliyonaswa kati ya mizunguko ndiyo inabaki kuwa swali. Sisi tunaona mlango hapa. Mvuke wa maji hauozeshi shaba, kwa sababu shaba haina nguvu ya kuunyang'anya oksijeni, lakini mvuke huohuo unaweza kuondoa kaboni ikiwa joto linatosha. IBM ilitumia wazo la namna hiyo, mvuke na hidrojeni, kuchomea vibao vya kauri vyenye njia za shaba kwa ajili ya kompyuta zake kubwa. Katika koili ya Nb3Sn hidrojeni isiongezwe, kwa sababu niobi inaifyonza na kuwa tete. Itumike argoni iliyopitishwa kwenye maji, na kabla ya kupooza irudishwe argoni kavu. Shaba nayo iwe isiyo na oksijeni. Shaba yenye oksijeni ikikutana na hidrojeni, hata chembe chache, hutengeneza mvuke ndani ya mwili wake na kupasuka kutoka ndani. Fundi yeyote wa Katanga aliyewahi kushughulika na uyeyushaji ataelewa kisa hiki bila kufundishwa.

Upande wa pili una hoja nyingine kali: labda kihami chenyewe hakitakiwi. Mwaka 2019 koili ndogo ya tepe za aina ya YBCO, isiyo na kihami kabisa kati ya mizunguko, iliingizwa ndani ya sumaku ya tesla 31.1 kule Tallahassee na kufikisha jumla ya tesla 45.5. Sehemu ikipata joto, umeme unapita kwa jirani. Ni ushindi mkubwa, na mtu anayetaka kutumia miaka yake kwenye vihami lazima aujibu. Jibu letu ni kwamba nguvu ya sumaku ya koili hizo hupanda polepole, kwa sababu mkondo huvuja kupitia mizunguko badala ya kuizunguka, na kwenchi ndani yake huzaa mikondo na nguvu zinazoweza kupinda tepe. Kwa sumaku ambayo nguvu yake inapaswa kupanda na kushuka kwa ratiba, kihami bado kinatakiwa.

Je, maabara ya mji wetu iifanye kazi hii? Tunasema ndiyo kwa vipande vifupi, hapana kwa kilomita. Sentimita 30 za waya hazihitaji tanuri la mita moja na nusu wala siku nne za umeme. Nitrojeni ya maji inatosha kwa majaribio ya baridi, na kwa kuwa tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hapa inachemka karibu kelvini moja chini ya ile 77 ya vitabuni. Anayelinganisha mkondo wa YBCO na vipimo vya pwani alirekebishe hilo, vinginevyo atajisifia asilimia kadhaa zisizo zake. Majira ya mvua, unyevu wa hewa utaigandisha butoksidi chupani. Kiangazi, ganda litakauka upesi mno na kupasuka. Sanduku lililofungwa lenye chumvi ya kunyonya unyevu na kipimo cha unyevu ni lazima kabla ya darubini yoyote ya bei.

Usafi wa shaba ni mlango mgumu zaidi kuliko unavyoonekana. Kathodi ya daraja la juu inaruhusiwa uchafu usiozidi sehemu 65 kwa milioni, lakini chuma kidogo tu kilichoyeyuka ndani yake kinapunguza sana upitishaji wa umeme kwenye baridi ya heli. Kwa nitrojeni peke yake tofauti haionekani vizuri: shaba ambayo ukinzani wake hushuka mara 100 kwenye heli itaonyesha kushuka mara 7.9 hivi kwenye nitrojeni, na ile ya mara 50 itaonyesha mara 7.4. Inapimika kwa njia ya nyaya nne na uvumilivu, ila haimvumilii mzembe.

Jaribio la kuanzia tunalipendekeza hivi: nyaya mbili zilizopakwa na kukaushwa, zisokotwe pamoja, zichomwe ndani ya argoni yenye mvuke, zizamishwe kwenye nitrojeni mara kumi, kisha ziwekewe volti 100 kati yake na ukinzani upimwe. Ganda likiwa jeupe na ukinzani uko chini, lawama ni ya nyufa. Likiwa jeusi, ni kaboni, na mvuke haukufika. Likibanduka na kuacha shaba nyekundu inayong'aa chini yake, basi kemia iachwe kwanza, tuangalie waya ulivyooshwa.