Feleji au alumini: mitungi ya ubavuni kwa anayejifunzia Kivu

Kaka mmoja ninayezamia naye hapa Goma, upande wa Himbi, anajiandaa kwenda Mexico kujifunza kupiga mbizi katika mapango yaliyojaa maji. Huko atabeba mitungi ya hewa ubavuni, mmoja kila upande, mgongo ukiwa mtupu ili apite penye dari ya chini. Sasa ameletewa mitungi miwili ya feleji, yaani chuma kigumu, iliyotumika, kwa bei nzuri, na anataka kuinunua aanze kuizoea ziwani. Nimemwomba asubiri.

Feleji ina hoja zake, tena nzito. Hewa ina uzito: mtungi wa kawaida wa alumini, wa lita 11, ukijazwa hadi bari 207 (bari ni kipimo cha mgandamizo) unabeba hewa ya karibu kilo 2.7. Ukiwa umejaa unazama, ukikaribia kuisha unaelea, na kinachotangulia kupanda ni kitako. Juzi nilikuwa nyuma ya kaka huyu, mita tano chini, juu ya mawe ya volkano. Alikuwa amebakiwa na bari 60 hivi, na kitako cha mtungi wa kushoto kilikuwa kimeinuka kuupita mgongo wake. Pangoni kingekuwa kinakwaruza dari. Mtungi wa feleji hata ukiwa mtupu unabaki umelala. Ndiyo maana unapendwa Florida, ambako maji ya chemchemi ni nyuzi 22 na wengi huvaa suti kavu, isiyopitisha maji: suti ile inaelea mno, kwa hiyo uzito wa mtungi unashika nafasi ya vipande vizito vya madini ya risasi vinavyofungwa kiunoni.

Lakini sisi hatuvai suti kavu. Maji ya juu ya Kivu ni nyuzi 23 au 24, ya mapango ya Yucatán, kule Mexico, ni karibu 25, na suti nyembamba ya mpira inatosha. Suti hiyo haielei kiasi cha kubeba feleji mbili zilizojaa. Kibofu cha hewa anachovaa ili aelee kikipasuka kwenye ncha ya jiwe, atavutwa chini na kilo kadhaa asizoweza kuzitupa. Kuuacha mtungi mmoja? Pangoni hewa hugawanywa mafungu matatu: la kuingilia, la kutokea na la akiba. Ukiuacha mtungi umeiacha njia ya kurudi.

Dosari ya alumini, kinyume chake, inatibika kwa mkono. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akiona gunia limesogea, analirudisha, anakaza mpira, anaendelea. Mzamiaji naye anaihamisha klipu ya kitako mbele kiunoni kadiri hewa inavyopungua, au anafunga risasi ya kilo moja karibu na kitako.

Linalonitia hofu zaidi ni kutu. Kompresa, mashine ya kujazia mitungi, isiyokausha hewa vizuri inaingiza unyevu, feleji inashika kutu ndani, na kutu hula oksijeni. Mtungi uliokaa miezi na maji kidogo tumboni unaweza kumzimisha mtu bila harufu wala dalili. Alumini iliyotumika nayo ina mtego wake: ile ya zamani ya aloi 6351 imewahi kupasuka shingoni, kwa hiyo atafute 6061.

Jumamosi tutafungua vali za feleji zile na kumulika ndani kwa tochi. Kisha ataingia ziwani na alumini mbili za kuazima, nami nitakuwa nyuma yake nikikitazama kitako cha kushoto.