Motoka ya mwendo mu Lubumbashi: tushushe, ao tuachie amortisere nafasi ya kufanya kazi?

Kila mara Subaru Impreza ao Golf GTI ingine inavuka Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, na kuingia Lubumbashi, mwenyewe hajamaliza hata kupanga makaratasi na bandugu balishaanza kumuuliza ataishusha santimetre ngapi. Neno ya kwanza yenye anasikia ni kombine filete, ni kusema ile seti yenye resore na amortisere biko pamoja, na mwili ya amortisere iko na filete ya kuzungusha ili motoka ipande ao ishuke. Mwenye anasema atafunga tu amortisere muzuri na kuacha urefu karibu na ile ya orijine, banamuona kama mutu mwenye haelewe mwendo. Minaandika juu ya huyu wa pili. Habamusikilize, na minaamini kwa barabara zetu yeye njo anaona mbali.

Wa kwanza naye, ule mwenye anashusha na kombine, iko na haki yake, tumupatie yote. Mu sirkwi kama Kyalami, karibu na Johannesburg, kilometa 4,5 ya gudron laini yenye ilifunguliwa upya mu 2016, motoka ya chini na ya nguvu inashinda, hakuna mabishano. Ukifunga mapine ya semi-sliki, ni kusema ya karibu laini kama ya mashindano, yanashika gudron zaidi, basi mwili ya motoka inalala zaidi mu viraje na pua inainama zaidi ukipiga freni, resore ya orijine inashindwa. Kombine filete inakuachia kupima uzito yenye inakalia kila gurudumu na kupanga urefu pembe kwa pembe, mupaka motoka ikate kushoto sawa na kuume. Inakuachia tena kubadilisha resore bila mateso, juu nyingi ziko na upana wa ndani wa milimetre 60 ao 65, unapata ya nguvu ingine unafunga. Ile KW Variant 3 kwa mufano inapanga mbali mbali nguvu ya amortisere wakati inafungana na wakati inafunguka, na mwenye anajua kuitumia anapata motoka yenye inamutii. Kama motoka yako inabebwa juu ya remorki mupaka ku sirkwi, inazunguka siku nzima, inarudi juu ya remorki, nunua, sitakukataza.

Sasa motoka zetu zinafika namna gani pale? Zinatembea zenyewe. Kutoka hapa mupaka Johannesburg ni zaidi ya kilometa 2000, unakata Zambia yote, unapita daraja ya Kazungula yenye ilifunguliwa mu 2021 ao unashukia Zimbabwe, na hiyo ni safari ya mara moja kwa mwaka kwa mwenye bahati. Siku zingine zote ni Nasyonali namba 1 kuenda Likasi, kilometa kama 120, malori ya shaba mbele na nyuma, dodane ku kila kijiji, na kisha mvua kuanza mu Novemba mashimo yenye haikukuwa pale wiki ilipita. Motoka yenye inatafutwa hapa ni ya barabara ya mbio yenye inaweza pia kuingia sirkwi, na sehemu ya barabara njo kubwa.

Angalieni hesabu moja, juu njo inabeba maneno yote. Resore inameza kipigo kufuatana na nguvu yake na kufuatana na nafasi yenye gurudumu iko nayo ya kupanda, lakini ile nafasi inazidishwa na yenyewe. Kwa hiyo ukikata nafasi nusu, hautafute resore ya nguvu mara 2, unatafuta ya mara 4. Tuseme motoka ya orijine iko na santimetre 8 ya kupanda mbele ya kugusa bute, ile kauchu yenye inakaa ku fimbo ya amortisere kwa kuzuia mwisho. Unashusha 4, inabakia 4. Ili shimo yenye motoka ilikuwa inameza jana iimeze na leo bila kugonga, unapashwa kuweka resore ya nguvu mara 4, na hiyo hakuna mutu anaweza kutembea nayo mu Likasi na mama yake nyuma. Hata ukishusha 2,5 tu, kile kiasi chenye kila mutu anaita kidogo, inabakia 5,5 na hesabu inakutolea mara 2 na zaidi. Na zile resore za kushusha zenye banauzisha, nyingi zimeongezwa nguvu asilimia 20 ao 30, hazifike mara 2 hata karibu. Ile yenye inapungua inalipwa na nani? Inalipwa na bute, kisha na kichwa ya amortisere, kisha na shasi, na mwisho na feza yako ku garaji.

Batu banajibu: sawa, lakini mimi sitafute mashimo, minatafuta viraje. Muzuri, tuingie mu viraje, juu pale njo kosa inaonekana kabisa. Ukikata kwa mbio uzito inakimbilia gurudumu ya mbele ya inje, amortisere inafungana, na kama nafasi ilishaisha gurudumu inagusa bute katikati ya viraje. Pale pale nguvu ya resore inaruka, ni kama mutu amebadilisha resore na wewe uko ndani ya viraje, pine inapata muzigo kwa gafula, inateleza, na pua ya motoka inaenda inje. Mwenyewe anasema motoka haikate juu iko teketeke, anaenda kununua seti ya nguvu zaidi na anaishusha tena. Minaona hii kila wakati na inaniuma, juu feza inatoka nyingi na motoka inazidi kuwa nyuma ya ile ya orijine.

Kuna na mambo ya triyangle ya chini, ule mukono ya chuma yenye inaunganisha gurudumu na shasi. Impreza ya 2000 mupaka 2007 iko na mufumo ya McPherson mbele, ni kusema amortisere yenyewe njo inasimamisha gurudumu, na nyuma pia inasimama juu ya amortisere ya namna ile. Ku urefu ya orijine triyangle ya mbele inainama kidogo kuelekea gurudumu, na gurudumu ikipanda mu viraje kichwa yake inalala kidogo ndani, pine inakalia gudron na uso wote. Ukishusha sana, triyangle inaangalia juu, na gurudumu ikipanda kichwa inaanza kutoka inje, unakula pine ku pembe moja. Tena kile kitovu chenye mwili ya motoka inalalia kinashuka haraka kuliko uzito yenyewe yenye ilishuka, basi mwili inapata nguvu zaidi ya kulala. Umeshusha ili isilale, na umeipatia sababu ya kulala. Biko bipande vya kurudisha rotile, kile kiungo chenye kinashika triyangle ku gurudumu, mahali pake, lakini wangapi bananunua?

Amortisere yenyewe haina kazi ya kubeba motoka, kazi yake ni kutuliza resore. Resore ikiongezwa nguvu mara 2, amortisere inaomba kama asilimia 40 zaidi ili itulize sawa na mbele. Kwa hiyo mwenye anafunga resore mupya ya kushusha juu ya amortisere ya okazyo yenye ilishatembea Japani miaka 10, huyo amechagua njia mubaya kuliko zote, hata kubakia na orijine yote ilikuwa muzuri. Na mwenye anazungusha kibatani ya kombine, ile ya kupanga nguvu ya amortisere, mupaka mwisho akizani nguvu njo mwendo, apite kwa mbio ku zile bindodo bya latérite byenye binafuatana kama mbao ya kufulia: amortisere inakataa kufunguka haraka, gurudumu inapigwa ya pili mbele haijarudi kutoka ya kwanza, inapanda tena, motoka inazama kidogo kidogo mupaka inakalia bute na pine haishike chini. Mikono mu volan inasikia kabisa.

Batu ya rali balielewa hii zamani. Safari Rally iliporudi mu mashindano ya dunia mu 2021, pale Naivasha, motoka zile za mbio kupita yote tuliziona juu, na nafasi refu ya gurudumu, zinameza mawe na mabonde bila kuachilia chini. Hakuna mutu aliziita za pole.

Kuna jibu moja ya upande wa kombine yenye minaheshimia. Zile zenye binapanga urefu na kipande ya chini, resore haiguswe, fimbo ya amortisere inabakia na nafasi yake yote hata motoka ikishuka. Ni kweli na ni kazi muzuri. Lakini gurudumu inabakia kukaribia mubati ya juu, triyangle inabakia kupinduka, na ile filete mu vumbi nyekundu yetu na matope ya Januari inashikana kama haukuisafisha na kupaka mafuta, siku unataka kupandisha pete inakataa hata na ufunguo yake. Mwenye tayari iko na kombine asiiuzishe, aipandishe tu mupaka karibu na orijine na arudishe bibatani katikati, atashangaa.

Kwa mwenye bado iko na feza mu mukono, minamushauri aanze na amortisere ya tibu moja yenye gaz, juu mafuta haichanganyike na hewa na kupiga povu ikipata moto mu barabara ndefu. Bilstein B6 ilitengenezwa kwa urefu ya orijine, B8 ilifupishwa kwa motoka yenye ilishushwa kidogo. Koni ya manjano inapanga nguvu ya kufunguka peke yake, na kwa matumizi yetu inatosha. Kushusha, milimetre 15, nyingi sana 20. Bare ya nyuma, ile fimbo ya chuma yenye inaunganisha gurudumu mbili, ya unene kidogo zaidi kwa kuzuia kulala, bila kupitisha kiasi, juu bare inafunga kushoto na kuume na shimo ya upande moja inapiga pande zote mbili. Silenbloki mupya, zile kauchu za ku viungo, paralelisme, ni kusema kunyoosha magurudumu, na mapine ya maana mbele ya yote.

Na mbele ya kununua chochote, toa gurudumu ya mbele, panguza fimbo ya amortisere na kitambaa. Kama kitambaa inatoka na mafuta, ile amortisere ilishakufa na maneno ya kushusha yasubiri. Kama iko kavu, funga kamba ya plastiki ya kufungia waya kuzunguka fimbo, isukume chini mupaka iguse mwili, rudisha gurudumu na enda Kasumbalesa na kurudi kwa mwendo yenye umezoea. Ukifika, fungua tena na pima kutoka kamba mupaka ku bute. Kama inabakia santimetre 2, uko na kiasi ya kushusha 1 na kidogo. Kama kamba ilishasukumwa mupaka ku bute, motoka yako haina hata milimetre moja ya kukupatia.